Mashabiki wa futiboli ya vyuo vikuu Marekani, kanda kwa kanda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wachezaji si ni wanafunzi tu? Kwa nini watu wazima wanalia machozi?

Wachezaji wa futiboli hii ya Kimarekani, ile ya mpira wenye umbo la yai unaorushwa kwa mikono, si soka, ni wanafunzi, lakini timu ni ya jimbo zima. Fundi wa magari kijijini Alabama ambaye hajawahi kuketi darasa la chuo hata siku moja atakwambia "jana tuliwapiga", na hakuna atakayemuuliza "nyinyi kina nani?" Baba yake alisema hivyo hivyo, na babu yake pia. Ukitaka ushahidi wa macho, tazama viwanja. Michigan, Penn State, Ohio State, Texas A&M, LSU (chuo kikuu cha jimbo la Louisiana), Tennessee, Texas na Alabama vyote vina viwanja vinavyobeba zaidi ya watu 100,000. NFL, ligi ya kulipwa yenye fedha zisizohesabika, haina uwanja hata mmoja wenye viti vya kudumu kufikia idadi hiyo.

Ila mapenzi hayo hayakumwagika sawasawa nchi nzima. Kuna miji ambako Jumamosi ya Oktoba barabara zinafungwa, na kuna miji mikubwa ambako mtu anaweza kuishi miaka bila kujua kwamba kuna mechi.

Basi kanda ipi ina mashabiki wakali kuliko zote?

Kusini-Mashariki, bila kupepesa macho: Alabama, Georgia, Louisiana, Mississippi, Tennessee, South Carolina na kaskazini mwa Florida. Texas na Oklahoma hawako mbali. Kisha inakuja Kati-Magharibi, yaani Ohio, Michigan, Nebraska, Iowa na Wisconsin, pamoja na katikati ya Pennsylvania. Pwani ya Pasifiki ni vuguvugu, ina siku zake. Mkiani wako New England na New York.

Watu wengi hueleza mpangilio huu kwa tabia: eti watu wa Kusini wana damu moto na wa Boston ni wasomi wapole. Mimi siamini hilo hata kidogo. Boston wanajua kupiga kelele, waulize kuhusu Red Sox, timu yao ya besiboli. Ninachoamini ni kwamba yapo mambo mawili yanayoeleza karibu ramani yote. La kwanza, je, jimbo lilikuwa na chuo kikuu kikubwa cha umma ambacho kila mkulima alikiona ni chake? La pili, je, timu ya kulipwa ilifika kabla mapenzi ya chuo hayajaota mizizi, au baada? Yashike hayo mawili, mengine yatajipanga yenyewe.

Kwa nini Kusini hasa?

Kwa miaka mingi hapakuwa na kitu kingine. Ligi ambayo leo ni NFL ilizaliwa mwaka 1920 mjini Canton, Ohio, ikakaa Kaskazini: Chicago, Green Bay, New York, Detroit, Pittsburgh. Atlanta ilipata Falcons mwaka 1966, mwaka ule ule Miami ilipoanza na Dolphins. New Orleans ikafuata mwaka 1967. Carolina na Jacksonville zilisubiri hadi 1995. Alabama na Mississippi mpaka leo hazina timu ya kulipwa katika ligi yoyote kubwa, iwe futiboli, kikapu, besiboli au magongo ya barafuni. Maana yake ni kwamba vizazi vitatu vya watu wa Kusini vilikua na timu ya chuo kama timu pekee. Falcons walipofika Atlanta walimkuta bwana mwenye nyumba sebuleni.

Lakini kukosa timu nyingine hakutoshi kueleza machozi. Lazima uiongeze heshima. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, Kusini ilibaki maskini na yenye kinyongo, na magazeti ya Kaskazini yaliizungumzia kama sehemu iliyoachwa nyuma. Futiboli yenyewe ilikuwa mchezo wa Kaskazini: Yale, Harvard na Princeton ndizo zilizokuwa wafalme. Kisha tarehe 1 Januari 1926 Alabama ikaalikwa Pasadena, California, kucheza mechi ya Rose Bowl dhidi ya chuo kikuu cha Washington. Watabiri wengi waliwapa Washington. Hadi mapumziko Alabama walikuwa nyuma 12-0. Kipindi cha tatu wakafunga pointi 20, na mechi ikaisha 20-19. Treni iliyowarudisha wachezaji nyumbani ilipokewa na umati vituoni, hata katika majimbo ambayo kwa kawaida yangefurahi kuiona Alabama ikifungwa. Siku ile Kusini nzima ilijiona imeshinda.

Jambo hilo halijafa. Mpaka leo shabiki wa Georgia ambaye Jumamosi nzima ameitukana Alabama atawashangilia wale wale Alabama wakikutana na timu ya Kaskazini mwezi Januari, na mashabiki wa SEC, ligi ya vyuo vya Kusini-Mashariki iliyoanzishwa mwaka 1932, huimba jina la ligi yao viwanjani. Sijaona kanda nyingine ambako watu huimba jina la ligi kwa fahari kiasi hicho. Fahari hiyo ina cha kusimamia pia: kuanzia msimu wa 2006 hadi 2012, ubingwa wa taifa ulichukuliwa na timu za SEC miaka saba mfululizo.

Ukali huo unaonekanaje kwa macho?

Unaanza kabla ya mechi. Watu huegesha magari tangu asubuhi, wengine tangu jana yake, wakachoma nyama, wakafungua mahema, wakaweka televisheni juu ya meza. Ole Miss, yaani chuo kikuu cha Mississippi, mjini Oxford, kuna bustani yenye miti mikubwa iitwayo The Grove, ambako familia hutandika vitambaa vya meza, hupanga vyombo vya fedha na hata kuning'iniza taa za fahari ndani ya mahema. Knoxville, Tennessee, uwanja uko kando ya mto, kwa hiyo watu huja kwa boti na kuzifunga gatini.

Halafu kuna kelele. Tarehe 8 Oktoba 1988 LSU walikuwa nyumbani Baton Rouge, usiku, wakicheza na Auburn, chuo kingine kikubwa cha jimbo la Alabama. Zikiwa zimebaki chini ya dakika mbili, kwotabeki (mchezaji anayerusha mipira) Tommy Hodson akamrushia Eddie Fuller mpira kwenye eneo la kufungia, na LSU wakashinda 7-6. Kipimo cha matetemeko ya ardhi kilichokuwa chuoni hapo kilinasa mtikisiko wa ule umati.

Na ukitaka kuoa Kusini Jumamosi ya Oktoba, ndugu watakuuliza kwanza kama umetazama ratiba. Wanauliza kwa dhati, kwa sababu mchungaji mwenyewe huenda ana tiketi ya msimu.

Alabama na Auburn ni kweli wanachukiana hivyo?

Wanachukiana na wanaoana, ndiyo maana inauma. Simba na Yanga wanaigawa nchi nzima, lakini hapa ni jimbo moja la watu wapatao milioni tano, bila klabu nyingine ya kukimbilia, na mgawanyiko unapita katikati ya chumba cha kulia. Mgeni akihamia Birmingham huulizwa yuko upande gani kabla hajamaliza kushusha mizigo. "Roll Tide" ya Alabama na "War Eagle" ya Auburn hutumika kama salamu, na ukitoa ile isiyo ya huyo unayemsalimia, uso wake utakujibu.

Mechi yao ya kwanza ilikuwa 1893. Baada ya mechi ya 1907 waligombana juu ya posho za wachezaji na uteuzi wa waamuzi, wakaacha kucheza kabisa kwa miaka 41. Ilibidi wabunge wa jimbo waingilie. Waliporudiana tarehe 4 Desemba 1948 mjini Birmingham, viongozi wa wanafunzi wa pande zote mbili walichimba shimo bustanini asubuhi wakazika shoka la kweli, kuonyesha kwamba ugomvi umekwisha. Mchana Alabama wakashinda 55-0. Sijui ni nani Auburn aliyeamini kwamba ugomvi umekwisha.

Ila mechi ambayo kila mtu Alabama atakwambia alikuwa wapi ikichezwa ni ya tarehe 30 Novemba 2013, uwanjani kwa Auburn. Alabama walikuwa namba moja nchini, mabingwa wa misimu miwili iliyotangulia. Matokeo 28-28, saa ikaonyesha muda umekwisha. Kocha wa Alabama, Nick Saban, akadai kwamba bado kuna sekunde moja, waamuzi wakatazama picha, wakamrudishia. Akaamua mpira upigwe teke kutoka yadi 57, karibu mita 52, upite katikati ya milingoti. Teke likapungua. Nyuma kabisa, karibu na mwisho wa uwanja, alikuwa amesimama Chris Davis wa Auburn. Akaudaka. Akaanza kukimbia, akakata kushoto, akafuata mstari wa pembeni. Wachezaji wa Alabama waliokuwa uwanjani ni wale wazito wa kulinda mpigaji, hakuna aliyeweza kumfikia. Akakimbia karibu mita 100, akaingia. 34-28. Sekunde ile moja Saban aliyoidai ndiyo iliyomwua. Umati ukamwagika uwanjani na nyasi zisionekane tena.

Na habari ya ubaguzi wa rangi? Mbona wanaoshangilia Kusini wengi ni weupe na wachezaji wengi ni weusi?

Swali hili halikwepeki, na anayesimulia mapenzi ya Kusini bila kuligusa anasimulia nusu. Viwanja hivyo vilikuwa vya weupe peke yao, uwanjani na majukwaani. Tarehe 29 Septemba 1962, mjini Jackson, gavana wa Mississippi Ross Barnett alisimama katikati ya uwanja wakati wa mapumziko ya mechi ya Ole Miss na Kentucky, akatangaza mapenzi yake kwa jimbo lake, watu wake na mila zao, huku umati ukipunga bendera za Kusini ya zamani. Kila mtu alielewa anamsema nani. Kesho yake usiku, James Meredith, mweusi wa kwanza kusajiliwa chuoni hapo, alipofikishwa Oxford, ghasia zilizuka na watu wawili wakauawa.

Nate Northington wa Kentucky alikuwa mchezaji mweusi wa kwanza kucheza futiboli katika SEC, tarehe 30 Septemba 1967. Siku moja kabla, Greg Page, mwenzake mweusi wa timu hiyo hiyo, alikuwa amefariki kwa jeraha alilopata mazoezini. Northington aliingia uwanjani akiwa na msiba huo. Miaka mitatu baadaye, Septemba 1970, USC, chuo kutoka California, walikuja Birmingham na kijana mweusi aitwaye Sam Cunningham, akakimbia yadi 135 na kufunga mara mbili, USC wakashinda 42-21. Hupenda kusemwa kwamba mechi ile ndiyo iliyofungua mlango Alabama. Ukweli ni kwamba kocha Bear Bryant alikuwa tayari amemsajili Wilbur Jackson. Mechi ile ilichofanya ni kuwanyima sauti mashabiki waliokuwa bado wanabisha.

Wakati huo wote watu weusi wa Kusini walikuwa na futiboli yao wenyewe, katika vyuo vilivyoanzishwa kwa ajili yao. Eddie Robinson alifundisha Grambling, Louisiana, kuanzia 1941 hadi 1997, akashinda mechi 408. Grambling na Southern hukutana New Orleans mwishoni mwa Novemba katika mechi iitwayo Bayou Classic, iliyoanza mwaka 1974. Huko ukitaka kununua chakula nunua wakati mechi inaendelea, maana mapumziko ni ya bendi. Matarumbeta, ngoma, miguu inapanda juu kwa pamoja, na hakuna anayeondoka kitini.

Kuhusu haki, neno langu ni hili: kwa miongo mingi vijana hawa walijaza viwanja na kuwafanya makocha kuwa watumishi wa umma wanaolipwa kuliko gavana, wao wakipewa ada na chakula tu. Tangu Julai 2021 wanaruhusiwa kupata fedha kwa majina na sura zao, na tangu 2025 vyuo vinaweza kuwalipa moja kwa moja. Ilichelewa mno.

Mchezo ulizaliwa Kaskazini-Mashariki. Kwa nini wazazi wake wamepoa?

Ni kweli, mechi inayohesabiwa kuwa ya kwanza ilichezwa New Brunswick, New Jersey, tarehe 6 Novemba 1869, Rutgers 6, Princeton 4. Harvard na Yale zimekuwa zikikutana tangu 1875. Mwanzoni mwa karne ya 20, Yale ilikuwa na sifa kama za Alabama ya leo, na uwanja wake wa Yale Bowl, uliofunguliwa 1914, ulikuwa ajabu ya zama zake.

Rudi kwenye yale mambo mawili. Vyuo vikubwa vya huko ni vya binafsi. Mvuvi wa Massachusetts hakuwahi kuiona Harvard kuwa mali yake, na Harvard haikumwomba aione hivyo. Vyuo vya umma vya New England vilikua taratibu na kwa muda mrefu vilibaki vidogo. Upande wa pili, miji ilijaa timu za kulipwa mapema: New York Giants mwaka 1925, na kabla yao besiboli ilikuwa imeshachukua mioyo. Leo Boston peke yake ina Red Sox, Celtics, Bruins na Patriots. Boston College ikishinda, mji unasema "vizuri" na kuendelea na safari.

Halafu vyuo vyenyewe viliamua kupunguza. Harvard, Yale, Princeton na wenzao watano wa kundi la vyuo liitwalo Ivy League walikubaliana mwaka 1954 kutotoa ufadhili wa masomo kwa ajili ya michezo. Mwaka 1982 wakashushwa kutoka daraja la juu. NYU (New York University) waliacha futiboli 1952, Boston University 1997. Siku ya Harvard na Yale bado ni nzuri, wazee wenye makoti mazito hukusanyika, lakini ni mkutano wa wahitimu, jimbo halisimami.

Chicago nako?

Hiki ni kisa ninachokipenda. University of Chicago ilikuwa mmoja wa waanzilishi wa Big Ten, ligi ya vyuo vya Kati-Magharibi, na mchezaji wake Jay Berwanger ndiye wa kwanza kabisa kushinda tuzo ya mchezaji bora, ile inayoitwa sasa Heisman, mwaka 1935. Mwaka 1939 mkuu wa chuo, Robert Maynard Hutchins, akaifuta timu. Aliona inakipotosha chuo. Tarehe 2 Desemba 1942, chini ya majukwaa ya uwanja ule uliokuwa hauna mechi tena, Enrico Fermi na wenzake waliwasha mnyororo wa kwanza wa nyuklia uliojiendesha wenyewe. Chuo kilirudi kwenye futiboli mwaka 1969, daraja la chini.

Kwa hiyo Kaskazini yote ni baridi?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Kati-Magharibi ni Kaskazini pia, na inaungua. Tofauti yake na New England ni vyuo vya umma. Sheria ya Morrill, iliyotiwa saini na Abraham Lincoln mwaka 1862, iliyapa majimbo ardhi ya kuuza ili yaanzishe vyuo vya kilimo na ufundi. Ohio State, Penn State, Michigan State na Wisconsin vilinufaika nayo. Mkulima alimpeleka mwanawe huko, au alisomeshwa kilimo na wataalamu waliotoka huko. Timu ikawa yake.

Ohio ina timu mbili za NFL, lakini ziko Cleveland na Cincinnati. Columbus, mji mkuu, hauna, na hapo ndipo Ohio State ilipo. Wiki ya mechi na Michigan, wanafunzi hubandika utepe mwekundu juu ya kila herufi M kwenye vibao vya chuo, hata vya maktaba na hospitali. Kabla ya mechi bendi huandika jina la jimbo kwa miili yao uwanjani, na mpiga sousafoni, tarumbeta kubwa linalozunguka mwili, hutoka kwa madaha kuweka nukta juu ya herufi i. Wamekuwa wakifanya hivyo tangu 1936, na watu wazima hulia.

Iowa City kuna jambo jingine. Hospitali ya watoto ya chuo ilijengwa kando ya uwanja, ghorofa za juu zikitazama nyasi. Tangu 2017, robo ya kwanza inapoisha, watu wote karibu 70,000, wachezaji, waamuzi na timu pinzani wakiwemo, hugeukia upande mmoja na kuwapungia mikono watoto waliosimama madirishani.

Nebraska ikoje? Nasikia huko ni zaidi ya mchezo.

Nebraska ina watu karibu milioni mbili na haina timu ya kulipwa katika ligi kubwa hata moja. Ina chuo kimoja cha futiboli ya daraja la juu. Hakuna Auburn, hakuna mtani wa ndani. Wote wamevaa nyekundu. Tangu tarehe 3 Novemba 1962, tiketi za kila mechi ya nyumbani zimeisha, zaidi ya mechi 400 mfululizo. Uwanja wa Lincoln ukijaa, hubeba watu wengi kuliko mji wowote wa jimbo hilo ukiacha Omaha na Lincoln yenyewe.

Watu huendesha saa tano au sita kutoka magharibi ya jimbo, kwenye mashamba ya ng'ombe, wakala runza, mkate uliofungiwa nyama ya kusaga na kabichi, wakatazama mechi, wakageuza gari. Kocha Tom Osborne aliwapa ubingwa wa 1994, 1995 na 1997, kisha akachaguliwa kuwa mbunge. Tangu hapo hawajapata ubingwa mwingine, na misimu mingi imekuwa ya kuhuzunisha. Viti havikubaki vitupu. Kwangu hicho ndicho kipimo halisi cha mapenzi, kuliko kelele za timu inayoshinda kila mwaka. Tarehe 30 Agosti 2023 mpira wa wavu wa wanawake ulichezwa katika uwanja huo huo na watu 92,003 wakaja kuutazama.

Texas je? Wana timu za kulipwa, lakini moto haujazimika.

Texas huanza mapema, sekondari. Ijumaa usiku ni ya shule, Jumamosi ya vyuo, Jumapili ya NFL, na sheria ya taifa ya 1961 ilisaidia kuulinda mpangilio huo kwa kuibana NFL isirushe mechi Ijumaa usiku na Jumamosi wakati wa msimu wa vyuo na sekondari. Mji wa Allen, nje ya Dallas, ulifungua mwaka 2012 uwanja wa sekondari wenye viti 18,000 uliogharimu dola milioni 60. Mtoto anayekulia humo hahitaji kufundishwa ushabiki akifika chuoni.

Texas A&M wanafunzi hawakai. Husimama mechi nzima, kwa kumbukumbu ya E. King Gill, mwanafunzi aliyeitwa kutoka majukwaani Januari 1922 wachezaji walipoumia mmoja baada ya mwingine, akavaa jezi akasubiri pembeni. Hakuingizwa. Alikuwa tayari, na hilo ndilo wanaloliheshimu. Walipoachana na chuo kikuu cha Texas mwaka 2011 kwa sababu ya kuhama ligi, jimbo lilikaa miaka 13 bila mechi yake kubwa. Ilirudi 2024.

Pwani ya Pasifiki wanapenda au hawapendi?

Wanapenda timu inaposhinda, na jua linapokuwa kali wana pa kwenda kwingine. Los Angeles haikuwa na NFL kuanzia 1995 hadi 2015, na miaka hiyo USC ya kocha Pete Carroll ilikuwa kama timu ya kulipwa ya mji, waigizaji wakiwa pembeni mwa uwanja. Alipoondoka, wengi waliondoka naye. UCLA, chuo kingine cha mji huo, huchezea uwanja wa Rose Bowl, Pasadena, mbali na chuo chao, na mwanafunzi lazima avuke msongamano wa jiji zima. Ukipanda kaskazini hali hubadilika: Eugene, Oregon, ni mji wa chuo hasa, na Seattle watu huja kwa boti kupitia Ziwa Washington.

Kilichotokea huko baadaye kinaniudhi kwa dhati. Ligi yao, yenye mizizi tangu 1915, ilisambaratika kwa ajili ya fedha za televisheni. USC na UCLA walitangaza kuondoka Juni 2022, Oregon na Washington wakafuata. Stanford na Berkeley sasa wamo katika ligi ya pwani ya Atlantiki. Kufikia 2024 walibaki Oregon State na Washington State peke yao, vyuo vya miji midogo, vyenye mashabiki waaminifu ambao hawakufanya kosa lolote isipokuwa kuishi mahali penye televisheni chache.

Kuna timu zisizo na kanda?

Mbili ni wazi. Notre Dame iko South Bend, Indiana, lakini mashabiki wake walikuwa Wakatoliki wa kila mji: Waayalandi, Wapolandi na Waitaliano waliokuwa wakidharauliwa, wakaona katika timu ya kocha Knute Rockne mtu wao akishinda. New York walikuwa wengi hata wakaitwa wahitimu wa treni ya chini ya ardhi, kwa kuwa hawakusoma chuo hicho, walipanda treni tu kwenda kuitazama. BYU, Provo, Utah, ni ya kanisa la Wamormoni, haichezi Jumapili, na ina wafuasi popote penye waumini.

Nimehamia Marekani. Nishangilie timu gani, na nifanye nini Jumamosi?

Shangilia ya jimbo ulipo, isipokuwa Alabama, ambako itabidi uchague na kuvumilia. Kabla ya kupanga safari, harusi au kikao cha msiba Columbus, Lincoln au Knoxville, angalia kama timu iko nyumbani, maana hoteli hujaa na bei hupanda. Usivae rangi za mtani wiki ya mechi kazini. Ukialikwa kuchoma nyama maegeshoni, nenda hata kama huna tiketi: wengi wa waliopo hawana, na mgeni anayeuliza maswali hulishwa kuliko wote.

Niko Afrika Mashariki. Mechi ni saa ngapi?

Mechi za adhuhuri ya New York huanza saa 1 usiku kwetu, na kuanzia mapema Novemba, wakishabadili saa, huwa saa 2 usiku. Hizi ndizo rahisi, na Ohio State na Michigan kwa kawaida hucheza muda huo, Jumamosi ya mwisho ya Novemba. Zile za alasiri huanza karibu saa 4 na nusu usiku. Mechi kubwa za usiku za Kusini ni saa 8 na nusu usiku, kwa hiyo LSU nyumbani ni ya kukesha. Za usiku kabisa za pwani ya Pasifiki huanza alfajiri ya Jumapili, saa 11 na nusu, watu wa New York wakiwa wamelala. Kwa anayeamka mapema kwenda ibada ya kwanza, hizo zinamfaa.